Amri ya ls na Rekodi Zetu za Mahojiano

Wengi wetu tunaokusanya mazungumzo ya Kiswahili cha Lubumbashi kwa kazi ya kuhitimu tunaamini jina la faili. Mimi naanzia kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ukiandika ls unapata majina tu. Ukiandika ls -lh, kila faili linakuja na ukubwa wake na tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho. Hapo ndipo pa kukazia macho: faili la sauti lenye ukubwa wa 0 linaweza kuwa na jina zuri, lakini ndani hamna hata neno moja. Afadhali ulijue hilo kabla uliyemhoji hajahama mtaa.

Mpangilio nao una mtego. ls hupanga majina herufi kwa herufi, kama kamusi, hivyo mahojiano10 hutangulia mahojiano2. Anayenakili kwa kufuata orodha hiyo atavuruga mfuatano wa mazungumzo. Kwenye Linux, ls -v hufuata hesabu. Tena, faili ambalo jina lake linaanza na nukta halionekani mpaka uandike ls -a.

ls yenyewe haifuti wala haibadilishi kitu; jaribuni bila woga, hata kwenye kompyuta ya idara.