Gemu Moja, Majina Mawili

Ukifungua folda ya gemu za mashine za sarafu utakuta faili liitwalo safari.zip, na chini yake safarir.zip. Tofauti ni herufi moja. Anayepanga kwa pupa huona nakala mbili za kitu kimoja, akafuta ya pili na kusonga mbele. Kumbe ya kwanza ni Safari ya kampuni ya Gremlin ya Marekani, ya mwaka 1977, na ya pili ni Safari Rally ya SNK ya Japani, ya mwaka 1979, zamani kabla SNK haijajulikana kwa Neo Geo na The King of Fighters. Mwenye kibanda cha gemu Longonot senta, ambako watu wameshazoea vumbi la Kedong tangu mbio za magari za Safari Rally ziliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, akifuta faili hilo amejikosesha gemu ambayo wateja wake wangeiulizia kabla ya zote.

Chanzo cha mkanganyiko ni historia. MAME, emuleta (programu ya kuiga mashine za zamani) mashuhuri kuliko zote upande wa mashine za sarafu, ilitolewa na Mwitaliano Nicola Salmoria Februari 1997. Hizo zilikuwa enzi za DOS, na jina la faili halikupita herufi nane. Ndiyo maana Bubble Bobble ni bublbobl, Double Dragon ni ddragon, Donkey Kong ni dkong na Sega Rally Championship ni srallyc. Jina hilo ni kama nambari ya kitambulisho: nyumbani hakuna anayekuita kwayo, lakini Huduma Centre bila hiyo hutambuliki. Ukibadilisha srallyc.zip liwe “Rali ya Sega.zip”, kwa nia njema kabisa, emuleta haitalitambua tena. Kwa hiyo jina la faili liache lilivyo. Kinachorekebishwa ni jina linaloonekana kwenye skrini, na hayo mawili hukaa mahali tofauti.

Gemu za kaseti na za diski, kama za Famicom au PlayStation, zina uhuru zaidi. Faili litafunguka hata ukiliita “mpira”. Ila programu nyingi za kutafuta picha za gemu za kuonyesha kwenye menyu hutegemea majina yaliyopangwa na miradi ya No-Intro kwa kaseti na Redump kwa diski, kwa mtindo wa Super Mario Bros. (World). Ukiyavuruga, utatafuta picha moja moja kwa mkono.

Kabla ya kugusa picha, punguza. Waliokua na Terminator, ile mashine iliyoiga Famicom ya Nintendo, wanazikumbuka kaseti zake zilizojigamba kuwa na mamilioni ya gemu. Ukiteremka kwenye orodha Contra ilirudi, Mario akarudi, kila mara kwa jina jipya na hatua tofauti ya kuanzia. Makusanyo mengi ya MAME yanayopitishwa kwa flashi hapa na pale hayana tofauti: Street Fighter II ya dunia, ya Marekani, ya Japani, na nyingine kadhaa zilizochezewa na maharamia. Mteja anataka moja. Chagua ya dunia au ya Marekani, kwa sababu maandishi yake ni ya Kiingereza, na zilizobaki uziweke kando.

Kuna faili la maandishi liitwalo catver.ini ambalo hutaja aina ya kila gemu ya MAME. Litumie kufagia makundi manne bila huruma: mahjong, maswali ya Kijapani, gemu za watu wazima, na kamari. Hilo la mwisho si la kuchekea. MAME imehifadhi mamia ya mashine za kamari kwa sababu kazi yake ni kuhifadhi vifaa vya kielektroniki vya kila aina, lakini kibanda kinachoingiwa na watoto wa shule kikionyesha cheri tatu zikizunguka kwenye skrini, usitegemee chifu akusikilize ukimweleza habari za emuleta.

Sasa hapa pana mtego. Usifute kabla ya kujua seti yako, yaani mkusanyo wako wa faili za gemu, ni ya namna gani. Katika seti zilizogawanywa, toleo la mtoto hubeba tu vipande vinavyolitofautisha na mzazi wake, na vingine huviazima kwa mzazi. Chukua Pac-Man ya Namco. Japani mwaka 1980 iliitwa Puck Man. Ilipovuka kwenda Marekani jina likabadilishwa kwa hofu kwamba wahuni wangeikwangua herufi ya kwanza na kuigeuza tusi. MAME inafuata asili, hivyo puckman.zip ndiye mzazi na pacman.zip ndiye mtoto. Wewe unaitaka Pac-Man, unaona puckman, unasema hii ni ya Kijapani, unafuta. Jioni Pac-Man haifunguki na hakuna ujumbe wa maana unaokueleza kwa nini. Dawa ni ama kutumia seti ambazo kila faili linajitosheleza, ama kumwacha mzazi ndani ya folda na kumficha tu kwenye orodha. Vivyo hivyo neogeo.zip: si gemu, hakuna wa kuicheza, lakini Metal Slug na ndugu zake wote hawaendi bila hiyo. Ifiche, usiifute.

Toleo la emuleta na toleo la seti lazima vilingane pia. Wengi wenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hutumia emuleta ya MAME 2003 kwa kuwa ni nyepesi, na hiyo inataka seti ya 0.78. Ukiilisha seti ya juzi, nusu ya gemu zitagoma na utamlaumu fundi. Andika namba ya seti katika kifaili cha maandishi ndani ya folda yenyewe, maana baada ya miezi kadhaa hutaikumbuka.

Tuje kwenye majina ya kuonekana. Ushauri wangu ni usiyatafsiri. Kijana anayetaka Contra atasema Contra, na mpanda mlima aliyeshuka Longonot Jumamosi na magoti yanamtetemeka anatafuta Pac-Man, neno analolijua. Kazi yako ni kusafisha. MAME huandika Street Fighter II: The World Warrior (World 910522), na hizo tarakimu ni tarehe tu, 22 Mei 1991. Kwenye skrini acha Street Fighter II. Neno The la mwanzoni liondoe, la sivyo The King of Fighters itajificha kwenye T wakati kila mtu anaitafuta kwenye K.

Kiswahili kina nafasi yake, nayo ni kwenye maelezo. Programu za menyu kama EmulationStation huonyesha maneno machache kando ya picha, na yale yanayopakuliwa huwa aya ndefu za Kiingereza zinazosimulia binti mfalme aliyetekwa. Hakuna anayezisoma. Andika mwenyewe: “Watu wawili kwa pamoja. A kupiga, B kuruka. Ngumu kuanzia hatua ya tatu.” Ukifanya hivyo kwa gemu thelathini zinazochezwa zaidi, maswali ya “hii inachezwaje?” yatapungua mno, nawe upate muda wa kuuza soda.

Picha nazo ni za aina nyingi: ukurasa wa kichwa cha gemu, picha ya mchezo ukiendelea, kava la boksi, bango lililokuwa likiwaka juu ya mashine, karatasi ya tangazo. Gemu za sarafu hazikuwa na boksi, kwa hiyo anayelazimisha kila gemu iwe na kava anajitafutia mapengo. Kwa kibanda, mimi ningechagua picha ya mchezo ukiendelea. Mtoto asiyesoma vizuri huitambua gemu kwa rangi na kwa umbo la mhusika, wala hashughuliki na mchoro wa msanii ambao mara nyingi haufanani na kilichomo. Bango liwe la pili, kwa sababu lina jina kubwa na halichukui nafasi.

Uchaguzi huo unaokoa bando pia. Skrini ya Pac-Man ilikuwa na pikseli 224 kwa 288, na picha yake ni kilobaiti chache. Karatasi ya tangazo iliyoskaniwa vizuri yaweza kufika megabaiti nzima, na vipande vya video ndivyo hula zaidi. Gemu mia tatu kwa picha za mchezo tu hazitakutoa jasho. Mia tatu kwa video zitamaliza bando la mwezi kabla hujafika herufi M. Kwa hiyo fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya ScreenScraper, tumia programu ya Skraper kwenye kompyuta, na kazi yote uifanye mahali penye Wi-Fi, Naivasha au Nakuru, ndipo uhamishie kwa flashi. Weka upana wa picha usiozidi pikseli 400. Na usizikate zilingane: Pac-Man, Galaga na 1942 zilikuwa za skrini iliyosimama, Street Fighter ya skrini iliyolala. Tafuta mwonekano wa menyu unaokubali zote mbili.

Ikiwa picha zimo kwenye folda lakini skrini ni tupu, kosa karibu kila mara ni jina. MAME hutafuta picha kwa jina fupi: safarir.png, basi. RetroArch, programu nyingine ya kuendeshea gemu, kwa kawaida hufuata lebo iliyo kwenye orodha, ikitafuta ndani ya folda ya thumbnails, kisha folda yenye jina la orodha, kisha Named_Snaps, Named_Titles au Named_Boxarts. Kwa hiyo ukisafisha lebo na kusahau kubadilisha jina la picha, picha yaweza kupotea. Na kuna alama ambazo RetroArch haizikubali katika jina la picha, zikiwemo nukta pacha, alama ya kuuliza na &; zote hugeuzwa mstari wa chini. Picha ya lebo Street Fighter II: The World Warrior huandikwa Street Fighter II_ The World Warrior.png. EmulationStation haina masharti hayo, kwa sababu katika faili lake la gamelist.xml kila kitu kinaandikwa waziwazi: path ni ./safarir.zip, name ni Safari Rally, image ni ./images/safarir.png. Unaweza kubadilisha name utakavyo bila picha kujua. Kwa kibanda ningependekeza hiyo.

Tahadhari moja kuhusu gamelist.xml. Usilihariri wakati EmulationStation inaendelea kufanya kazi, kwani ikifungwa itaandika ya kwake juu ya yako. Tena kwa kawaida huhifadhi mabadiliko inapofungwa tu, kwa hiyo stima ikipotea ghafla, majina uliyorekebisha kwenye menyu yanakwenda nayo. Kuna chaguo la kuhifadhi papo hapo, liwashe. Memori kadi nazo hazipendi kukatiwa umeme katikati ya kuandika. Nakili gamelist.xml na folda ya picha kwenye flashi kila ukimaliza kupanga. Faili la gemu waweza kulipata tena, lakini maelezo uliyoyaandika mwenyewe hayapo kwingine.

Na sheria? MAME yenyewe ni programu huria tangu 2016, ila gemu nyingi bado zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haijali kama kampuni iko Osaka au Nairobi. Tovuti ya MAME inatoa gemu chache kama Gridlee na Robby Roto ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Anayetoza kwa dakika anahitaji ruhusa ya mwenye gemu, na ni heri kuanza na zile ambazo ruhusa yake inapatikana.

Ukishamaliza majina na picha, tengeneza mikusanyo ndani ya EmulationStation. Mgawanyo wa “mapigano” na “mashindano” haumsaidii mtu. Gawanya kwa namna watu wanavyoingia kibandani: Wawili, Wadogo, Mpira, na msimu ukifika, Rali. Ndani ya Rali tia safarir. Tia srallyc kama kompyuta yako ina nguvu, kwani Raspberry Pi itahema, na katika maelezo utaje Celica, jamii ya gari ambalo dereva Ian Duncan alishindia Safari Rally mwaka 1994. Tia Colin McRae Rally 2.0 ya PlayStation, ya mwaka 2000, ambayo Kenya imo miongoni mwa nchi zake, na ambayo jina lake ni la dereva aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Mkusanyo huo huhifadhiwa kama faili dogo la maandishi, custom-Rali.cfg, kila mstari ukiwa njia ya gemu moja. Magari yakishaondoka Naivasha, uzime kwenye menyu. Gemu zenyewe zinabaki mahali pake, na mwaka unaofuata unauwasha tena.