MAJESHI MADOGO YA MEZANI: SOMO JUU YA SKELI NA MIFANO

Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini wako watu wazima ambao hukutana mwisho wa juma kuzunguka meza iliyopambwa kwa vilima vya plasta, miti ya waya na mito ya rangi. Juu ya meza hiyo husimama mamia ya askari wa metali au plastiki, kila mmoja akiwa na kimo kisichofikia nusu ya kidole cha shahada. Wachezaji husogeza vikosi vyao kwa zamu, hupima masafa kwa futikamba, kisha hurusha dadu ili kuamua nani ameanguka na nani amesimama. Baadhi yao huiga mapigano ya historia, kama yale ya Waterloo ya mwaka 1815. Wengine huunda majeshi ya njozi yenye majitu, majoka na wachawi.

Mtu apitaye njia huweza kudhani kwamba huo ni mchezo wa watoto uliochelewa kuachwa. Hata hivyo, jeshi la mezani ni mfano wa kitu halisi, kama vile tufe la darasani lilivyo mfano wa dunia na ramani ilivyo mfano wa nchi. Kila mfano hupunguza vitu fulani, hukuza vingine, na huacha vingine kabisa. Anayeutumia bila kujua kilichopunguzwa na kilichoachwa hudanganyika. Somo hili linaeleza jinsi majeshi hayo yanavyotengenezwa na kupimwa, na hatari ya kusahau yale ambayo mfano hauyaonyeshi.

Chimbuko la mchezo

Mchezo wa vita wa namna hii ulianza katika jeshi la Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake meza yenye mfano wa ardhi, ambayo juu yake vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitoa kanuni kamili zilizotumia ramani yenye skeli ya 1:8,000. Kila zamu ya mchezo iliwakilisha dakika mbili za vita, na mwamuzi alitumia dadu kukadiria hasara. Wakuu wa jeshi waliukubali mchezo huo kuwa chombo cha kuwafunza maafisa.

Askari wa sanamu walikuwa na historia yao wenyewe. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walitengeneza askari bapa wa bati katika karne ya 18 na ya 19. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari walio wazi ndani. Fundi alimimina metali katika kalibu, akasubiri ganda la nje ligande, kisha akaimwaga metali ya kati iliyokuwa bado majimaji. Kwa njia hiyo metali kidogo ilitosha kutengeneza sanamu nyingi, na bei ikashuka. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo wa raia, Little Wars, ambamo mizinga midogo ya springi iliwaangusha askari hao sakafuni. Majeshi ya njozi yalipata nafasi mwaka 1971 katika kanuni za Kimarekani zilizoitwa Chainmail, na mwaka 1983 ukatokea Uingereza mchezo wa Warhammer, ambao ulienea katika nchi nyingi.

Metali na kalibu

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili: metali nzito yenye rangi ya kijivu, na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Askari wengi wa zamani walitengenezwa kwa risasi hiyo ya kwanza. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi, na bati huyeyuka katika nyuzi 232. Metali hizo zikichanganywa kwa kiasi cha sehemu 62 za bati na 38 za risasi kwa uzito, mchanganyiko wake huyeyuka katika nyuzi 183 tu, yaani chini ya kila moja peke yake. Antimoni kidogo ikiongezwa, aloi huwa ngumu zaidi na hushika vizuri alama ndogo kama vifungo na mikunjo ya nguo.

Kwa kawaida kalibu ya siku hizi ni visahani viwili vya mpira vinavyobanwa pamoja na kuzungushwa kwa kasi. Aloi iliyoyeyuka humiminwa katikati, na mzunguko huisukuma kuelekea ukingoni hadi ijaze kila upenyo. Sanamu za plastiki hutengenezwa kwa polistireni iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo kubwa katika kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali sana, lakini huweza kutoa nakala nyingi mno.

Hapa panahitajika onyo. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi na kwa vidole vinavyopelekwa mdomoni, na huudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kampuni ya Britain iliacha kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi wa sanamu za mchezo walihamia aloi za bati zisizo na risasi. Kwa hiyo metali hii isiyeyushwe darasani wala jikoni. Udongo wa mfinyanzi, kadi ngumu na vijiti vinatosha kwa mazoezi yote ya somo hili.

Sanamu za risasi nazo huugua. Zikiwekwa katika kabati la mbao za mwaloni, mvuke wa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo katika siki, hutoka katika mbao na kuishambulia metali. Polepole sanamu hugeuka unga mweupe wa kaboneti ya risasi.

Kupunguza mwili wa mtu

Mtu mwenye kimo cha meta 1.7 akipunguzwa kwa skeli ya 1:60, sanamu yake huwa na kimo cha milimeta 28 hivi. Hiki ni kimo kinachopendwa sana na wachezaji. Lakini si kila kitu hupungua mara 60. Eneo la ngozi hupungua mara 60 × 60, yaani 3,600. Ujazo hupungua mara 60 × 60 × 60, yaani 216,000. Mtu wa kilo 65, kama angepunguzwa hivyo bila kubadili maada ya mwili wake, angekuwa na uzito wa gramu 0.3 tu.

Mtengenezaji hukutana na tatizo jingine. Mtutu wa bunduki wenye unene wa milimeta 15 unapaswa kuwa na unene wa robo ya milimeta katika skeli hiyo. Metali haiwezi kuujaza upenyo mwembamba kiasi hicho kwa urahisi, na hata ikiujaza, mtutu utavunjika kwa kuguswa. Kwa hiyo fundi huunenepesha mtutu, na pamoja nao viganja na vifundo vya miguu. Sanamu inayoonekana sahihi machoni ina makosa mengi ya makusudi.

Kanuni hiyo hiyo hueleza kwa nini jitu la njozi haliwezi kuishi. Jitu lenye umbo la mtu lakini kimo cha mara tatu, yaani meta 5.1, lingekuwa na uzito wa mara 27. Eneo la mkato wa mifupa ya miguu yake lingekuwa mara 9 tu, na kila sentimeta mraba ya mfupa ingebeba mzigo wa mara tatu. Galileo alieleza jambo hili mwaka 1638. Mezani jitu husimama bila shida, kwa sababu plastiki haihitaji kutembea wala kula.

Skeli tatu juu ya meza moja

Meza ya mchezo huwa na urefu wa meta 1.8 hivi. Bunduki ya gobori ya wakati wa Napoleon ilikuwa na nguvu hadi karibu meta 100. Kwa skeli ya 1:60 masafa hayo yangekuwa meta 1.67, karibu meza nzima, na pasingekuwa na nafasi ya kusogeza kikosi. Kwa hiyo ardhi hupewa skeli yake yenyewe, kwa mfano 1:1,000, ambapo meta 100 huwa sentimeta 10.

Idadi ya watu nayo hupunguzwa kwa kiasi kingine. Katika kanuni nyingi sanamu moja huwakilisha askari 20. Batalioni ya askari 600 huwa sanamu 30. Batalioni hiyo ilipojipanga kwa safu tatu, kina chake kilikuwa meta chache tu, yaani milimeta chache katika skeli ya ardhi. Lakini sanamu 30 zilizopangwa kwa safu mbili huchukua kina cha milimeta 40 hivi, ambazo katika skeli hiyo ni meta 40. Mchezaji asiyelijua hili ataamini kwamba daraja au bonde fulani lilikuwa jembamba mno kwa kikosi kupita, ilhali wembamba huo umeletwa na unene wa sanamu.

Kazi ya dadu

Dadu huwakilisha yale ambayo kamanda hawezi kuyatawala. Kama kila sanamu hurushiwa dadu moja na namba 6 ndiyo inayopiga, sanamu 12 zitapiga kwa wastani mara 2. Uwezekano wa kutopiga hata mara moja ni 5/6 iliyozidishwa yenyewe mara 12, yaani karibu asilimia 11. Kwa sanamu 36 uwezekano huo hushuka hadi chini ya asilimia 0.2. Bahati hutikisa sana kikosi kidogo, na hutulia idadi inapokuwa kubwa.

Mfano uliookoa meli

Mfano uliojengwa kwa uangalifu huweza kufichua ukweli. Mwaka 1942, nyambizi za Ujerumani zilipokuwa zikizamisha meli za mizigo katika Bahari ya Atlantiki, jeshi la majini la Uingereza lilianzisha mjini Liverpool kituo cha kuchunguza mbinu chini ya Gilbert Roberts. Askari wanawake vijana walisogeza meli ndogo juu ya sakafu na kuchora njia zao kwa chaki. Maafisa walichungulia kupitia matundu, ili waone yale tu ambayo nahodha angeweza kuyaona baharini. Mchezo ulionyesha kwamba nyambizi huenda zilikuwa zikiingia usiku katikati ya msafara zikitokea nyuma, wakati meli za ulinzi zikizitafuta nje. Mbinu mpya zilitungwa kutokana na matokeo hayo, na maelfu ya maafisa walifunzwa hapo.

Wasioonekana mezani

Afrika ya Mashariki nayo imeingia katika michezo hii, kwani vita vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa humu. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walileta kutoka India askari wapatao 8,000, na Wajerumani walikuwa na takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kwa uwiano wa 1 kwa 20, hizo ni sanamu 400 dhidi ya 50. Anayehesabu sanamu tu atatabiri ushindi wa Waingereza. Ukweli ni kwamba Waingereza walishindwa na kurudi melini. Walikuwa wamechelewa kushuka na hawakuichunguza ardhi vizuri, na kuchelewa huko kuliwapa Wajerumani muda wa kuleta vikosi kwa reli. Muda na reli havina sanamu.

Jambo kubwa zaidi ni wapagazi. Mahali pengi hapakuwa na barabara, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo chakula na risasi vilibebwa vichwani. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za chakula, anayekula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na kujiwekea akiba ya siku 12 za kurudi, ataweza kumkabidhi askari kilo moja tu. Ndiyo sababu jeshi dogo lilihitaji umati wa wapagazi. Makadirio ya waliokufa kwa upande wa Waingereza, wengi wao kwa maradhi na njaa, hukaribia laki moja. Kwa uwiano ule ule wa 1 kwa 20, marehemu hao peke yao wangehitaji sanamu 5,000. Kwa kawaida mchezo huanza chakula kikiwa kimekwisha kufika, nao hukaa nje ya meza. Kumbukumbu yao imo katika jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, jina lililotokana na kikosi chao cha wapagazi.

Mfano hauna kosa kwa kuacha jambo, kwa kuwa mfano usioacha kitu ungekuwa kitu chenyewe. Kosa ni la yule anayeutazama na kudhani kwamba ameona yote. Hili ni kweli kwa mchezaji wa mezani, na ni kweli pia kwa mhandisi mwenye mfano wa daraja na kwa mwanauchumi mwenye jedwali la mavuno.

Mazoezi

1. Finyanga kwa udongo mtu mwenye kimo cha sentimeta 10. Tafuta skeli yake, kisha kokotoa unene wa mkuki wake ikiwa mkuki halisi una unene wa sentimeta 3.

2. Jitu lina umbo la mtu na kimo cha mara nne. Mifupa ya miguu yake itabeba mzigo wa mara ngapi kwa kila sentimeta mraba?

3. Rusha dadu 12 mara 50 na uandike idadi ya namba 6 kila mara. Linganisha wastani wako na 2.

4. Katika hesabu ya mpagazi, safari ya kwenda ikiwa siku 5, ni kilo ngapi zitamfikia askari? Wanahitajika wapagazi wangapi kufikisha kilo 600, na wangapi safari ikiwa siku 12?

5. Chagua ramani yoyote ya wilaya. Orodhesha mambo matano ambayo ramani hiyo haionyeshi, na ueleze ni nani anayeweza kudhurika yakisahauliwa.