Programu Huria: Namna ya Kuuliza, Kukosoa na Kujitolea

Ukipata huduma za VVU katika kituo cha afya cha umma magharibi mwa Kenya, huenda rekodi zako zikahifadhiwa katika programu iitwayo KenyaEMR. Programu hiyo imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na wenzao wa mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, mji ulio saa chache tu kwa matatu kutoka Kakamega. OpenMRS ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha bila kununua leseni. Watu wanaoutunza wametawanyika duniani, na wengi miongoni mwao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Nawalenga hasa wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega na wahudumu wanaoshughulikia rekodi katika zahanati na hospitali zetu. Kazi hii inawahusu. Naamini wengi hawakwamishwi na uchache wa ujuzi, bali hawajui waanze vipi kuzungumza na watu wasiowaona.

Tuanze na salamu. Kwetu, kumweleza mtu shida kabla ya kumjulia hali ni utovu wa adabu. Unasalimu, unangoja uitikiwe, ndipo unasema lililokuleta. Kwa watu wanaoandikiana kutoka mabara mbalimbali, mpango huo hukwama. Saa tatu asubuhi Kakamega ni usiku wa manane Indianapolis, Marekani. Ukiandika "Habari, naomba msaada" kisha ukanyamaza, atakayeamka kule atalazimika kukuuliza shida ni ipi, na siku nzima itapita bila jambo kusogea. Salimu, kisha eleza yote katika ujumbe uo huo: ulitumia toleo gani, ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukapata nini, na umeshajaribu njia zipi. Maneno ya kosa yaliyotokea kwenye skrini yanakili kama yalivyo, usiyafupishe. Kabla ya hapo tafuta kwenye jukwaa la mradi kama kuna aliyeuliza swali hilo kabla yako. Huko ndiko kumheshimu mtu anayekupa muda wake bure.

Na hapa sitalegeza neno: usitume kamwe picha ya skrini yenye jina, namba au hali ya mgonjwa. Majadiliano ya jukwaani husomwa na ulimwengu mzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mgonjwa aliyetuamini hakukubali siri yake itumike kueleza hitilafu ya kompyuta. Tengeneza mgonjwa wa kubuni, urudie kosa kwa rekodi hiyo, ndipo upige picha.

Usipojibiwa, ngoja siku kadhaa, kisha kumbusha mara moja kwa upole palepale ulipouliza. Kumfuata mtu mmoja faraghani na kumsumbua humchosha, na jibu lake halitawafaa wengine.

Ukianza kuchangia, kazi yako ya kwanza itarudishwa na maoni, pengine mengi. Yanayokosolewa ni maandishi ya programu, si wewe. Uliza usipoelewa, rekebisha, shukuru. Lakini heshima inadaiwa pande zote mbili. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo huria wa Linux, alijulikana kwa miaka mingi kwa kuwakaripia wachangiaji kwa maneno makali. Mwezi Septemba 2018 aliomba radhi hadharani na kupumzika kwa muda, na mradi wake ukapitisha kanuni za maadili. Miradi mingi sasa ina kanuni kama hizo pamoja na watu wa kupokea malalamiko. Zisome kabla ya kujiunga, na ukitukanwa zitumie. Hulazimiki kuvumilia matusi eti kwa kuwa wewe ni mgeni.

Kujitolea hakuanzii kwenye msimbo. Mwongozo unaoeleweka, tafsiri safi ya Kiswahili, au ripoti ya hitilafu kutoka kwa mtu anayeitumia programu foleni ikiwa ndefu nje ya mlango ni michango yenye thamani kubwa. Wahudumu wa Kakamega wanaona kasoro ambazo mtaalamu aliye mbali hawezi kuziona.

Ila chukua kazi unayoiweza. Jina lako likishawekwa kwenye kazi, wengine huiacha wakijua iko mikononi mwako. Mitihani ikikaribia au bando likiisha, sema mapema kwamba umeiachia. Hakuna atakayekulaumu kwa kuiachia. Wanaoumiza jumuiya ni wanaonyamaza miezi mitatu huku wakiishikilia.

Chagua kazi moja ndogo iliyotengwa kwa wanaoanza, andika kwamba unaitaka, na taja siku utakayotoa taarifa ya maendeleo. Siku hiyo ikifika, toa taarifa hata kama hujamaliza.