Je, chanjo ya influenza ina maana kwa mwanachuo?

Wiki moja kabla ya mitihani ya semesta iliyopita, ghorofa yetu nzima ilikuwa inakohoa. Mimi nilianza Jumatatu. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa, nikaingia kipindi cha saa mbili, lakini ilipofika saa tisa alasiri nilishindwa kupanda ngazi. Homa kali, kichwa, kikohozi kikavu, na viungo vinauma kama vya mtu aliyeshinda anabeba zege. Nikaenda zahanati moja ya karibu. Jina silitaji, maana hadithi hii ni ya zahanati nyingi. Wakanitoboa kidole: malaria hakuna. Wakachukua damu nyingine: "Una taifodi, moja kwa mia na sitini." Nikarudi hosteli na antibayotiki za siku saba na roho imetulia. Si nina jina la ugonjwa, na dawa iko mkononi?

Wakati huo nilikuwa nabebana. Asiyejua maana yake amuulize mwaka wa kwanza yeyote aliyekosa chumba. Mwenye kitanda, mwenzangu wa darasa moja, ana pumu. Kwa kuwa taifodi haipiti kwenye hewa, sikuona sababu ya kuhamia kwingine. Jumatano usiku naye akaanza kutetemeka. Ijumaa alfajiri tulimkimbiza kwa bajaji, dawa yake ya kuvuta imegoma. Huko hospitali walimwekea oksijeni, wakamwingiza puani kijiti chenye pamba, na jibu likaja: influenza A. Alilala siku nne. Mitihani miwili ikampita.

Siwezi kuthibitisha kwamba nilimwambukiza mimi. Siwezi hata kuthibitisha kwamba nilikuwa na influenza, kwa sababu hakuna aliyenipima. Ila swali limenikaa kooni tangu siku ile, ndiyo maana nimesoma na kuandika makala hii.

Kwanza tutenganishe majina, maana Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa. Neno "mafua" tunalitumia kwa kila pua inayotiririka. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, huja polepole, hukusumbua pua na koo, na mara nyingi unaendelea kwenda darasani. Influenza, ambayo wataalamu wa afya huiita pia homa ya mafua, huletwa na virusi vya influenza, hasa aina A na B. Yenyewe hukuangusha ghafla. Mgonjwa wa influenza mara nyingi anaweza kukutajia hata saa aliyoanza kuumwa. Na mtu anaweza kuanza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili, halafu siku tano hadi saba baada ya kuugua. Hesabu vitanda vya chumba chako uone.

Sasa vipimo. Sisi wa ualimu tuna somo la upimaji na tathmini, na jambo la kwanza tunaloambiwa ni uhalali wa mtihani: je, unapima kile unachodhani unapima? Ukitoa swali la hesabu kwa Kiingereza kigumu, aliyefeli huenda amefeli Kiingereza. Kipimo cha taifodi nilichofanyiwa mimi, kinachoitwa Widal, kina tatizo hilohilo. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza. Askari hao wanaweza kuwepo kwa sababu ya maambukizi ya zamani, au ya bakteria wengine wanaofanana na yule wa taifodi. Kwa mahali kama kwetu, jibu moja la Widal halitoshi kusema mtu ana taifodi leo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kinachohitaji siku kadhaa, na ndiyo maana hutakiona kila kona.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti waliwachukua watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kwa vipimo vingi kuliko vya zahanati ya kawaida. Malaria ilikutwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Taifodi, chini ya wanne kwa kila mia. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa kwa zaidi ya 60 kwa kila mia, na kama 70 kwa mia walikuwa na ugonjwa wa virusi. Ni watoto, kweli, si watu wazima wa hosteli. Lakini ukiwaza jinsi "malaria na taifodi" inavyotamkwa mitaani kama neno moja, unapata cha kujiuliza. Antibayotiki haziui virusi. Zangu niliwameza wote saba, yaani siku zote saba, na nilipopona nikazishukuru bure.

Influenza yenyewe hupimwa kwa majimaji ya puani au kooni, si kwa damu. Njia ni mbili kuu. Kuna kipimo cha haraka, kinachotafuta protini za kirusi na kutoa jibu ndani ya kama dakika 15. Kikisema unayo, mara nyingi ni kweli. Kikisema huna, tulia kwanza: kati ya wagonjwa 100 wa influenza, vipimo hivi vinaweza kuwakosa 30 hadi 50. Hufanya vizuri zaidi ukipimwa siku tatu au nne za mwanzo, virusi vikiwa vingi. Cha pili ni PCR, kilekile tulichokizoea wakati wa korona, kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Kinaaminika zaidi, ila kinataka mashine, mtaalamu na pesa. Kwa hiyo duniani kote wagonjwa wengi hutambuliwa kwa dalili tu. Kwa kijana mwenye afya hiyo inatosha, maana tiba ni kupumzika, maji na dawa ya kushusha homa. Kwa mwenye pumu, mjamzito au mzee mambo ni tofauti: dawa ya kupambana na kirusi, oseltamivir, inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48. Kwake yeye, jina sahihi la ugonjwa linaokoa muda.

Naomba nisieleweke vibaya. Ukipata homa, pima malaria kwanza. Malaria inaua, na kipimo chake cha kidole ni kizuri. Ninachosema ni kwamba baada ya malaria kuwa hasi, kuna mengine nje ya taifodi.

Tuje kwenye chanjo. Kirusi cha influenza hubadilika kila mara, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Mwaka ambao makisio yanapatana na hali halisi, chanjo hupunguza hatari ya kuumwa hadi kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Mwaka wa makisio mabaya, kama Marekani msimu wa 2014 na 2015, ilishuka hadi kama 19.

Asilimia 60 inavutia, lakini nusu ya somo iko hapa: asilimia 60 ya nini? Mwaka 2018 kundi la Cochrane lilijumlisha majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima wenye afya. Bila chanjo, watu 23 kati ya 1,000 walipata influenza katika msimu mmoja. Wenye chanjo, 9. Yaani unachanja watu kama 71 ili kumwokoa mmoja asiugue. Ukiniuliza kama kijana wa miaka 22, mwenye mapafu mazima na bumu lililochelewa, nitakwambia ukweli: kwa mwili wangu peke yake, faida ipo lakini ni ndogo. Chanjo hii haimo kwenye ratiba ya taifa kama ya surua, na bei niliyotajiwa kliniki moja binafsi ni karibu chakula changu cha wiki.

Hesabu hiyo inageuka ukimweka mwenzangu. Shirika la Afya Duniani linawataja wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wahudumu wa afya na wenye maradhi ya kudumu kama pumu, kisukari na moyo. Utafiti wa Soweto, Afrika Kusini, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa kumchanja mama mjamzito kulipunguza influenza kwa karibu nusu, kwake na kwa kichanga chake pia, ambaye hawezi kuchanjwa kabla ya miezi sita. Mwenzangu ameishi na pumu tangu darasa la pili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chanjo hii ipo.

Ile hofu ya kwamba "chanjo itakupa mafua" haina msingi kwa chanjo ya sindano. Kirusi chake kimeuawa. Mkono utauma, pengine na homa kidogo ya siku moja. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo ukiumwa siku ya tatu, ulishaambukizwa au umepata mafua ya kawaida.

Mwenzangu alichanja mwezi uliopita. Mitihani yake miwili ataifanya Septemba. Mimi natakiwa kwenda mazoezi ya kufundisha, na kutoka huko nitafikia kwa dada, ambaye ana mimba ya miezi mitano. Nimempigia simu nikamwambia amuulize mkunga wake kuhusu chanjo, na ya kwangu nimeshaweka nusu ya pesa. Kuhusu kitanda, bado tunabebana. Ila tumekubaliana kwamba atakayeanza kukohoa anashusha godoro lake chini, karibu na dirisha, hata kama zahanati imesema ni taifodi.