Mtoto Arushaye Miguu

*Mheshimiwa Daktari, mwanangu wa miezi mitatu hurusha miguu kwa nguvu mchana kutwa, hata blanketi halimkai, na kwa baridi hii ya Tukuyu nachelea asije akaugua. Je, ni maradhi?*
*Mama, Rungwe*

Bibi, hofu yako naifahamu, lakini mtoto wa umri huo ambaye hunyonya vyema, huongezeka uzani, na hurusha miguu yote miwili akiwa macho na bashasha, hana maradhi, kwani ubongo na misuli yake ndiyo kwanza vinajifunza kushirikiana, na mateke hayo humwandaa kugeuka na kutambaa. (Wanaosema atacheza mpira, waache watanie.) Akikunja magoti tumboni huku analia, aghalabu ni riahi, mcheulishe. Kwa baridi, mvike soksi na suruali pana ya sufu, wala usimfunge miguu ikanyooka na kubana, maana nyonga changa huweza kuteguka.

Mshike mguu taratibu: mateke ya kawaida hukoma, mtukutiko wa degedege haukomi. Ukiona huo, au akijikunja ghafula kwa mfululizo, au mguu mmoja hautikisiki, au ana homa, au amekataa ziwa, mpeleke Hospitali ya Makandana saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.