Homa moja, dawa nne

Swali: Mtoto wangu alipata homa. Kliniki ya binafsi hapa Lodwar ilimwandikia sindano, dawa ya malaria, antibiotiki na dawa ya kikohozi. Dada yangu wa Kakuma anasema zahanati ingempa moja tu, tena bure. Nimwamini nani? – Mama, Lodwar

Jibu: Mama, je, alipimwa malaria? Mwongozo wa Kenya unataka kipimo kwanza. Akiwa nayo na anaweza kumeza, vidonge vya AL, dawa ya malaria, vinatosha. Sindano ni ya malaria kali. Antibiotiki hupewa mwenye nimonia, kwa mfano, si kila mwenye homa. Anayeandika dawa na kuziuza mwenyewe ana kishawishi cha kuongeza, na hilo linaniuma, kwa kuwa mzazi ndiye anayeuza mbuzi kulipia.

Zahanati na vituo vya afya vya serikali viliondolewa ada mwaka 2013. Tatizo ni rafu tupu: mzigo wa KEMSA, wakala wa serikali wa kusambaza dawa, ukichelewa, utatumwa duka la dawa. Huko taja dawa kwa jina lake halisi, kwa mfano amoksilini ikiwa ni antibiotiki hiyo, si jina la kampuni. Mara nyingi bei hushuka.

Mtoto akipata degedege au akishindwa kunyonya, mkimbize hospitali mara moja.