Nyimbo za Shah Latif katika Inchi ya Sindh

Leo tunataka kujifunza juu ya muziki wa Wasindhi. Sindh ni jimbo la Pakistan, kule mto mukubwa Indus unaingia baharini.

Mutungaji wao mukubwa ni Shah Abdul Latif. Alizaliwa mwaka 1689, akakufa mwaka 1752. Alikuwa Mwislamu mwenye kumutafuta Mungu kwa nyimbo. Mashairi yake yote yanaitwa Risalo. Yako na mafungu karibu 30. Kila fungu linaitwa sur, nalo liko na melodi yake. Kwanza mutu mumoja anaimba beti fupi, kisha wote wanaitikia pamoja wimbo unaoitwa wai.

Fungu moja ni la Marui, musichana wa jangwa la Thar. Mufalme Umar alimuiba, akamufungia katika ngome ya Umarkot, sababu alitaka kumuoa. Akamupa hariri na zahabu. Marui akakataa. Alililia watu wake maskini na blanketi yao ya sufu, mpaka mufalme akamurudisha kwao.

Mwaka 1866 Ernest Trumpp, Mujerumani aliyetumika Sindh kama misionere wa Kiprotestanti, alichapisha Risalo mara ya kwanza katika muji wa Leipzig. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini kitabu kinashika maneno tu, sauti inabaki kwa watu. Tunajua wenyewe: mutu akiwa na kitabu cha nyimbo bila kujua melodi, hawezi kuimbisha kwaya.

Sauti ya Risalo inalindwa Bhit Shah, penye kaburi la Shah Latif. Kule mafakiri wanakaa chini usiku, wanapiga danbooro, chombo cha nyuzi tano. Wanaume hawa wanaimba kwa sauti ya juu sana, kama ya wanawake, maana ndani ya Risalo wanawake kama Marui ndio wanasema. Kijana anakaa karibu na wakubwa, anasikiliza, anafuata. Siku vijana wataacha kukaa pale, kitabu kitabaki, lakini kitakuwa kimya.

Basi tusizarau wazee wanaotuimbia. Tuandike maneno yao katika kaye, lakini tujifunze sauti pia, wakingali wazima.

Maulizo:
1. Sur ni nini?
2. Sababu gani Marui alikataa zahabu?
3. Wimbo gani wa kwenu haujaandikwa, na nani anaujua?